Namna ya Kumchukua Paka Mgongoni

Labda mtacheka mkisoma kichwa cha habari hii. Paka ana miguu minne. Ya nini kumbeba mgongoni kama mtoto mchanga? Hata mimi nilicheka, mpaka siku nilipotakiwa kumfikisha paka mmoja mjini Tororo akiwa hai, nikashindwa. Basi nataka kuwaeleza nilivyoshindwa, nilivyofaulu baadaye, na mambo niliyojifunza juu ya kuchagua na kutumia mfuko wa kumchukulia paka.

Paka mwenyewe ni wa nyanya yangu, naye huitwa Mlinzi. Kwetu ni karibu na Nagongera, na nyanya huweka ghalani wimbi, mtama na karanga. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Sisi tuliyaona hayo kwa macho kabla Mlinzi hajaja, maana kila gunia lilikuwa limetobolewa.

Katika likizo moja mbwa mwenye kichaa alipita kijijini, akauma ndama na mbwa wengine. Wazee wakakata shauri kwamba kila mbwa na kila paka achanjwe, na asiyechanjwa katika majuma mawili auawe. Msiwaone wakatili. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa humpata paka pia, na paka aweza kumwambukiza mtu. Dalili zake zikishatokea kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Nyanya akanipa fedha, akaniambia, "Mjukuu wangu, mpeleke mwenzangu kwa daktari wa wanyama, na umrudishe."

Nikamtia Mlinzi katika gunia, nikafunga mdomo wake kwa kamba, nikapanda bodaboda. Tororo ni kama kilomita 20 kutoka kwetu, lakini hatukufika hata nusu ya njia. Gunia halina kitako kigumu, kwa hiyo kila tulipopita shimo paka aliangukia ubavu. Hewa ilikuwa haba, jua kali, na pikipiki ikinguruma chini yake. Alilia sana, kisha akanyamaza, nami nikadhani amelala. Nilipofungua kidogo nimtazame, alikuwa ametoa ulimi akihema kama mbwa. Akaruka, akanikwaruza mkono, akatokomea katika mashamba ya mihogo.

Niliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama inavyofaa mtu akiumwa au akikwaruzwa na mnyama asiyechanjwa, kisha nikaenda kituo cha afya siku ile ile. Nyumbani nyanya hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Yuko wapi?" Nikakosa la kusema.

Usiku wa tatu Mlinzi alirudi, mchafu na mwenye njaa. Zilibaki siku 10.

Nikampigia simu shangazi yangu anayekaa Nairobi, kwa kuwa yeye hufuga paka. Akaniletea mfuko wake kwa basi, nami nikaenda kuupokea Busia. Ulikuwa mfuko wa kuvaa mgongoni kama wa vitabu, nao ulipendeza sana: ubavuni una matundu machache, na nyuma una dirisha la plastiki, la mviringo na lenye kung'aa, kama kofia ya wale waliokwenda mwezini. Watoto wote wa kijiji walikuja kuutazama.

Lakini safari hii sikutaka kukosa tena. Kabla ya kumtia paka niliuweka mfuko juani kwa nusu saa, kisha nikatia mkono ndani. Palikuwa moto kama tanuri! Sababu yake si uchawi. Mwanga wa jua hupenya plastiki, hukipasha joto kila kilichomo, na hewa ile ya moto haina njia ya kutosha ya kutokea. Ndivyo ilivyo pia katika motokaa iliyofungwa vioo. Nasi tukumbuke kwamba paka hana jasho kama letu. Hutoka jasho kidogo tu katika nyayo zake, na hujipoza kwa kulamba manyoya. Joto la mwili wake ni kama digrii 38 hadi 39, na likipanda mno aweza kufa. Ukimwona paka anahema mdomo wazi, mpeleke kivulini upesi.

Tena, dirisha lile humwonyesha paka kwa watu wote. Asili ya paka wa nyumbani ni paka-mwitu wa Afrika, ambaye ni mwindaji, lakini mwenyewe huwindwa na wanyama wakubwa zaidi. Kwa hiyo anapoogopa hutafuta shimo la kujificha. Ukimweka nyuma ya kioo katikati ya stendi ya magari, umemnyima kile hasa anachokitaka. Waswahili husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Dirisha lile liliwekwa kwa kutupendeza sisi watu, wala paka hakuulizwa.

Dirisha liliweza kutolewa, na shangazi akaniruhusu. Nikaomba kipande cha chandarua nizibe tundu lake. Nyanya alikataa kabisa, na alikuwa na haki. Nagongera ni mahali ambapo malaria imewasumbua watu sana, hata wataalamu wamekaa hapa miaka mingi wakiichunguza. Na katika kampeni ya mwaka 2013 na 2014 serikali iligawa vyandarua katika Uganda nzima. Chandarua ni cha mtu kulalia. Isitoshe, kucha za paka hukipasua mara moja. Fundi cherehani wa sokoni alinishonea wavu wa waya wa madirishani, akakunja ncha zake na kuzifunika kwa kitambaa kigumu ili zisimchome mnyama.

Sasa, ndugu wasomaji, mkitaka kuchagua mfuko kama huu, angalieni mambo matano. La kwanza ni ukubwa: paka aweze kusimama, kugeuka na kujilaza. La pili ni hewa: wavu uwe pande mbili au zaidi, si vitundu vichache. La tatu ni kitako: kiwe kigumu, kisibonyee, ukikosa, weka ubao mwembamba na juu yake kitambaa. La nne ni kufungwa: zipu iwe imara, na ndani iwepo ndoano fupi ya kuunganisha na mkanda aliovaa paka kifuani. Usiiunganishe na mkanda wa shingoni, maana akiruka aweza kujinyonga. La tano ni mikanda ya mbebaji: iwe mipana, na uwepo mmoja wa kufunga kifuani. Paka mzima huwa na uzito wa kilo 3 hadi 5 hivi. Ni mzigo mdogo, lakini ni mzigo unaotikisika.

Hata mfuko mzuri haufai kitu ikiwa paka anauona mara ya kwanza siku ya safari. Niliuweka wazi karibu na jiko, mahali apendapo Mlinzi kulala, nikatia ndani kipande cha leso kuukuu ya nyanya chenye harufu ya nyumbani. Siku ya kwanza aliuzunguka tu. Siku ya pili niliweka dagaa mmoja mlangoni, na siku ya tatu nikamweka ndani kabisa. Siku ya nne nilimkuta amelala humo. Kisha nikaanza kufunga zipu kwa dakika moja, halafu tano, nikauvaa mfuko na kutembea mpaka kisimani na kurudi. Tulifanya hivyo siku saba.

Siku ya nane tuliondoka alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, na Mlinzi alikuwa hajala chakula kingi asije akatapika njiani. Tulipanda bodaboda tena. Jina hili, nadhani mwalijua, lilizaliwa huku kwetu mpakani Busia katika miaka ya 1960, baisikeli zilipokuwa zikivusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Nikiwa juu ya pikipiki niliuvaa mfuko kifuani, si mgongoni, ili niweze kuukinga kwa mikono na kumwona paka. Nilimwomba dereva aende polepole. Juu ya mfuko nilitandika leso nyepesi kuleta giza, bila kuziba wavu wa pembeni. Tulipofika sikuuweka mfuko chini, kwa sababu palikuwa na mbwa wengi; niliupakata. Na zipu haikufunguliwa mpaka mlango wa chumba cha daktari ulipofungwa.

Mlinzi hakulia ila mara mbili. Alichomwa sindano, nikapewa cheti chake, na daktari akaniambia nimrudishe baada ya mwaka mmoja. Kitunzeni cheti kama hicho, hasa ninyi mnaokaa karibu na mpaka, maana mtu akitaka kuvuka na paka kwenda Kenya ataulizwa habari za chanjo.

Jioni nilimkabidhi nyanya mfuko. Akaufungua mwenyewe. Mlinzi akatoka, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja ghalani. Nyanya alikishika cheti kwa muda mrefu, ingawa hajui kusoma, kisha akakiweka ndani ya sanduku pamoja na karatasi zake za shamba.

Mfuko wa shangazi bado haujarudi Nairobi. Nimejaribu kuuchukua mara mbili, lakini kila nikienda namkuta mwenyewe amelala ndani.