Vazi kavu likivuja ziwani

Maji ya Ziwa Victoria upande wa Ilemela, Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Kayenze, hukaa kwenye nyuzi joto 24 hadi 27 karibu mwaka mzima. Mpiga mbizi wa Norway atashangaa kusikia kuwa kuna sababu ya kushuka humo na vazi kavu, lile la kipande kimoja lenye zipu isiyopitisha maji na mipira inayobana shingo na vifundo vya mikono. Kwao vazi hilo ni la kukinga baridi. Kwetu baridi haimo kwenye hesabu. Linakinga ngozi na kile kilichomo majini.

Cha kwanza ni kichocho. Konokono wadogo wa kwenye magugu ya ufukweni huachia viluwiluwi vya ugonjwa huo, hasa jua likipanda kuelekea adhuhuri, na kiluwiluwi kikishagusa ngozi huhitaji dakika chache tu kupenya. Kuna mafuta ya injini za mitumbwi, kuna maji machafu yanayoshuka na mvua kutoka vilimani, na kuna ule utando wa kijani ambao wakati mwingine huwa na sumu. Halafu kuna kazi yenyewe. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, walioshuka kutafuta miili waliingia kwenye maji ambayo hakuna anayetaka yamguse.

Ndiyo maana tundu la sindano ambalo mwenzetu wa Ulaya angelivumilia hadi msimu uishe, hapa linatosha kuahirisha kazi. Maji yakishapenya hayatoki. Yanakaa kwenye ngozi saa nzima, ya uvuguvugu, na mwenye vazi anaamini yu mkavu. Aliyeingia ziwani na kaptula angalau anajua amelowa.

Shida ni kwamba Mwanza kila anayevua vazi kavu amelowa. Dakika kumi za kusubiri juani ndani ya mtumbwi zinatosha kumtoa mtu jasho la kukamua, na jasho hilo ndilo linaloficha uvujaji. Wengi husema “ni jasho tu” na kurudi majini siku ya pili. Dawa yake ni fulana na suruali nyepesi za pamba, za rangi ya kijivu iliyopauka, kwa sababu kijivu huonyesha unyevu mara moja. Jasho hutapakaa: mgongo, kifua, kwapa, pande zote mbili sawasawa. Uvujaji una upande na una njia. Mkono mmoja umetota hadi kwenye kiwiko na mwingine umekauka, au kuna mfereji mmoja unaoshuka kutoka kwenye kola. Wapo wanaoonja, maana jasho lina chumvi na maji ya ziwa hayana. Siwashauri, kwa sababu zilezile zilizotufanya tuvae vazi.

Mkono ukilowa, mtuhumiwa wa kwanza ni mpira wa kifundo. Ukishika kamba kwa nguvu, kano za ndani ya kifundo husimama na kufungua kijifereji chini ya mpira, kwa hiyo huenda vazi ni zima na kinachohitajika ni kuusogeza mpira juu kidogo. Bega la kushoto likilowa, tazama valvu ya kutolea hewa. Punje moja ya mchanga huizuia isifunge. Miguu ndiyo hudanganya, kwa kuwa ukisimama tu kila kilichoingia juu huteremkia huko.

Mipira ya shingo na vifundo mara nyingi ni ya mpira asilia, na kinachoiua haraka ni mazoea yetu. Mafuta mazito ya kujipaka yanayotokana na petroli huilainisha mpaka inatepeta. Petroli ya injini ya mtumbwi hufanya hivyo hivyo. Tumia poda isiyo na manukato, na usilianike vazi juu ya yale mawe makubwa ya Mwanza saa saba mchana, hata kama yanavutia.

Kutafuta tundu hakuhitaji karakana. Ziba mikono kwa chupa tupu za maji, shingo kwa mpira wa watoto, funga zipu na valvu, kisha jaza hewa hadi vazi livimbe. Pakaa povu la sabuni kwa brashi, taratibu, kwenye mishono na zipu, na palipotoa mapovu patie alama ya kalamu. Suuza, kausha kabisa, safisha kwa spiriti, paka gundi maalumu ya mavazi haya na uiache siku nzima. Tundu dogo kwenye mpira wa shingo linaweza kuzibwa kwa dharura na kiraka cha fundi baiskeli. Mpira uliochanika ukingoni haurekebishiki, badilisha.

Vazi likifurika ukiwa chini, usihofu kwamba maji yatakuvuta kama jiwe. Maji ndani ya maji hayana uzito; ulichopoteza ni hewa iliyokuwa ikikuinua, na jaketi la kuelea litaifidia. Panda polepole. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na anayekurupuka kutoka kina fulani hapa yumo hatarini zaidi kuliko aliyekurupuka kutoka kina hichohicho Zanzibar. Uzito utauona unapopanda mtumbwini, na hapo ndipo uombe mkono.

Vua mara moja, jifute kwa taulo kwa nguvu, oga maji safi. Hayo hupunguza hatari, hayaiondoi. Kukimbilia praziquantel kesho yake hakusaidii sana, kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga. Muda unaofaa ni wiki sita hadi nane baada ya kulowa. Homa, vipele au kikohozi vikija kabla ya hapo, nenda hospitali na umtajie daktari siku uliyolowa. Andika tarehe hiyo kwenye daftari la mbizi, kando ya maelezo ya kiraka.