Vumbi la Miaka Arobaini: Baharia Athibitishaje Kuwa Alivuta Asbesto?

Mwalimu wa fizikia akitaka kujua joto la maji hutumbukiza kipimajoto na kusoma namba. Lakini angefanyaje iwapo angeulizwa joto la maji yaliyokuwamo katika birika miaka arobaini iliyopita, hali birika lenyewe limekwisha yeyushwa? Swali la namna hiyo ndilo linalowakabili mabaharia wazee wa Jeshi la Wanamaji la Marekani waliougua kwa sababu ya asbesto, pindi wanapodai fidia. Ugonjwa upo na daktari ameuona. Kisichokuwapo tena ni vumbi lililouleta, na aghalabu hata meli yenyewe imekwisha katwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Wengi wetu twaijua asbesto kwa kuiona katika mapaa ya majengo ya zamani. Hilo ni jina la jumla la madini sita ya jamii ya silika, ambayo yakipasuliwa huwa nyuzi. Nyuzi hizo haziungui, hazipitishi joto kwa wepesi, tena zaweza kufumwa kama pamba. Manowari za Vita vya Pili vya Dunia zilizihitaji mno, kwani katika zile ndogo za kasi mvuke ulifikia digrii 450 za Sentigredi, kwa kanieneo ipatayo mara arobaini ya ile ya hewa tuivutayo. Bomba la mvuke huo likiachwa wazi hupoteza nishati na kumbabua mpitaji. Kwa hiyo mabomba, boila na turbini vilivikwa mablanketi ya asbesto, na viungo vyake vikazibwa kwa gasketi za asbesto. Aina moja iliyopendwa sana melini ni amosaiti, iliyochimbwa Transvaal, Afrika Kusini. Hata jina lake limetokana na herufi za kwanza za jina la kampuni ya migodi ya huko.

Blanketi lililotulia juu ya bomba halina madhara makubwa. Hatari huzuka siku ya matengenezo, fundi anapolipasua ili aifikie vali, au anapoikwangua gasketi iliyogandamana kwa brashi ya waya, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Nyuzi zenye unene wa chini ya maikroni 3 huweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Chembe za mwili zinazomeza uchafu hushindwa kuzimeza zile zilizo ndefu kuliko chembe zenyewe, basi nyuzi hubaki. Matokeo yake ni kovu la mapafu liitwalo asbestosisi, saratani ya mapafu, na mesotelioma, yaani saratani ya utando unaoyafunika mapafu au matumbo. Mesotelioma huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Uhusiano wake na asbesto ulibainishwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1960.

Muda huo mrefu umewahi kuwapotosha hata wataalamu. Mwaka 1946 ulichapishwa uchunguzi wa afya za wafanyakazi 1,074 waliokuwa wakifunika mabomba katika viwanda vya kuunda meli za kijeshi. Mmoja wa wachunguzi alikuwa Philip Drinker wa Chuo Kikuu cha Harvard, yule yule aliyeshiriki kubuni pafu la chuma lililowasaidia wagonjwa wa polio kupumua. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Walikuta wagonjwa watatu tu wa asbestosisi, wakahitimu kwamba kazi ile haikuwa ya hatari. Mwanafunzi na asome tena takwimu zao. Asilimia 95 ya watu hao walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa muda usiotimia miaka kumi, na wale wagonjwa watatu kila mmoja alikuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Shamba lilikaguliwa kabla mahindi hayajaota, likatangazwa kuwa halina mbegu. Mwaka 1964 Irving Selikoff na wenzake walipowafuatilia mafundi 632 walioingia katika kazi ya kufunika mabomba na mitambo kabla ya 1943, walikuta vifo 45 vya saratani ya mapafu na ya utando wake, mahali ambapo vilitarajiwa vifo 6.6.

Sasa turudi kwa baharia. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1950, askari hawezi kuishtaki serikali yake kwa madhara aliyoyapata akitumika. Amebakiwa na njia mbili: malipo ya Idara ya Maveterani, na madai dhidi ya makampuni yaliyotengeneza bidhaa, au dhidi ya mifuko ya fidia iliyoundwa baada ya baadhi ya makampuni hayo kufilisika.

Katika njia ya kwanza, mizani ya ushahidi humwelekea mdai: ikiwa uwezekano wa ndiyo na wa hapana unalingana, yeye ndiye anayepewa. Idara hiyo ina jedwali linaloonyesha, kwa kila kazi ya melini, kama uwezekano wa kukutana na asbesto ulikuwa mdogo, wa yamkini, au wa yamkini sana. Fundi wa boila yumo katika daraja la juu. Jedwali hurahisisha kazi, lakini hupima cheo, halimpimi mtu. Karani aliyelala miezi ishirini chini ya bomba la mvuke huhesabiwa kwa kalamu yake, wala si kwa kitanda chake.

Ndipo zinapohitajika karatasi. Jalada la utumishi huonyesha kazi na meli alizopangiwa. Kwa bahati njema, moto wa Julai 1973 katika ghala la kumbukumbu la St. Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya jeshi la nchi kavu na la anga, lakini ya wanamaji yalinusurika. Daftari la kila siku la meli huonyesha lini meli iliingia chelezoni kwa matengenezo makubwa, na hizo ndizo siku za vumbi zito. Ukizioanisha tarehe hizo na jalada la baharia, waweza kusema kwa hakika kwamba alikuwapo.

Mwili nao hutunza kumbukumbu. Kipande cha pafu kikichunguzwa kwa hadubini ya elektroni, nyuzi huweza kuhesabiwa na aina yake kutambuliwa kwa eksirei zinazotolewa na elementi zake. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilipata kuhesabu nyuzi za sampuli ya hewa kwa hadubini ya kawaida. Ni kazi ya kuchosha macho, na wahesabu wawili hawapatani daima. Amosaiti hudumu pafuni kwa miongo mingi, ilhali asbesto nyeupe hupungua upesi zaidi. Kwa hiyo kukosekana kwa asbesto nyeupe hakuthibitishi kwamba haikuvutwa. Tena hadubini hutaja madini tu, haitaji kiwanda.

Na mahakama, katika njia ya pili, hutaka kiwanda. Makampuni yaliyouza pampu na turbini yalijitetea kwamba yalipeleka chuma kitupu, na kwamba asbesto iliongezwa baadaye na wanamaji wenyewe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba katika sheria ya bahari mtengenezaji aweza kuwajibika kutoa onyo ikiwa kifaa chake kilihitaji kuunganishwa na sehemu hiyo, ikiwa alijua au alikuwa na sababu ya kujua kwamba muungano huo ungekuwa wa hatari, na ikiwa hakuwa na sababu ya kuamini kwamba watumiaji wangeitambua hatari hiyo. Hata hivyo hapana budi mdai aonyeshe kuwa pampu aliyoifungua ilikuwa ya kampuni ile.

Hilo daftari la meli haliliandiki, na mara nyingi ajuaye ni fundi mwenyewe au mwenzake wa zamu. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa mesotelioma hawaishi miaka miwili baada ya kugunduliwa, ushahidi wao hurekodiwa mapema, wakati mwingine wakiwa kitandani, mawakili wa pande zote wakiwapo. Huulizwa bamba la jina kwenye pampu liliandikwaje, gasketi zilikuja zikiwa zimekatwa tayari au alizikata mwenyewe, sanduku lilikuwa na rangi gani, nani alikuwa amesimama karibu naye. Wengine hujibu papo hapo. Wengine huomba waonyeshwe picha ya chumba cha boila, wakaitazama kwa muda, ndipo wakaanza kuonyesha kwa kidole.