Mpini Imara Huamuliwa na Maji

Mpini wa kisu cha porini ukianza kucheza, watu wengi hulaumu gundi. Fundi mzoefu huuliza swali jingine: mbao ilikuwa na unyevu kiasi gani siku ilipochongwa?

Mti mbichi una maji ndani ya matundu ya seli, na mengine yamenaswa kwenye kuta zake. Yale ya kwanza yakitoka, mbao hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta zenyewe huanza kusinyaa, tena si sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mti, mbao hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka kiini kuelekea gome. Kwa urefu wa nyuzi hupungua kidogo mno. Chuma hakisinyai pamoja nayo, hivyo mbao mbichi iliyobanwa kwa pini za shaba hupasuka palepale kwenye pini.

Mpingo ni mfano mzuri. Mti huu wa klarineti na obo una kiini cheusi kizito kuliko maji. Ukikitupa mtoni kinazama. Kwa kuwa umeshikana sana, hukauka polepole, na ncha hutangulia katikati. Ndiyo maana fundi huzipaka nta, akaweka kipande kivulini kwa miezi, huku akikipima. Uzito ukigoma kushuka, kimetulia, lakini kwa hewa ya pale tu: kilichokaushwa kwenye hewa nyevu ya Tanga kitasinyaa tena kikifika kwenye hewa kavu ya Dodoma.

Hapo ndipo msumeno, keekee, tupa na msasa huingia kazini, nyuzi zikielekezwa kwa urefu wa kisu. Barakoa ni lazima, kwani vumbi la mpingo huwasha ngozi na mapafu. Mwisho hupakwa mafuta ya kitani, ambayo huwa magumu kwa kuungana na oksijeni na kutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze vikauke nje.

Fimbo ya cheche ya kuwashia moto nayo huhitaji mpini wa namna hiyohiyo. Aloi yake ya seriamu na chuma ilivumbuliwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyeipatia hataza mwaka 1903. Mgongo wa kisu huikwangua, chembe zikashika moto hewani. Fimbo ni nyembamba, hivyo mpini mnene wa mbao ndio unaoupa mkono nguvu ya kuvuta bila kuteleza.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupekecha moto kwa vijiti vitupu, na sheria haibadiliki: kijiti chenye unyevu hula joto la msuguano kwa kukausha maji, na kaa halizaliwi. Anayetaka kuchonga mpini wake wa kwanza anunue mizani ndogo kabla ya tupa, apime kipande chake kila wiki, na asikiguse mpaka namba itulie.