Kikomo cha Mwendo Barabarani: Nani Hukiweka, na kwa Kigezo Gani?

Katika mikutano tunayofanya na wananchi waishio kandokando ya barabara kuu, swali moja hujirudia kwa sura mbili. Madereva huuliza: "Afande, kwa nini hapa mmetuwekea 50 ilhali barabara ni pana na lami ni nzuri?" Wazazi nao huuliza: "Kwa nini hamuwapunguzii mwendo hawa wanaopita mbele ya shule yetu?" Wote wanaamini kwamba polisi ndio wanaopanga namba iliyoandikwa kwenye kibao.

Ukweli ni kwamba polisi hatuipangi namba hiyo. Kazi yetu ni kusimamia utekelezaji wake. Namba yenyewe hutoka kwenye sheria ya nchi, huzingatia hali ya barabara kama inavyopimwa na wahandisi, na huweza kupunguzwa mahali fulani kwa maombi ya wenyeji kupitia serikali zao za mitaa. Tumeona vyema tueleze utaratibu huo kwa ukamilifu, kwani mwananchi asiyeujua hulalamika kwa asiyehusika, na miezi hupita huku watoto wakiendelea kuvuka barabara mbele ya malori.

Sheria ya nchi ndiyo msingi

Hapa Uganda, msingi wa yote ni Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998. Sheria hiyo inampa waziri mwenye dhamana ya ujenzi na uchukuzi mamlaka ya kutunga kanuni, na kanuni hizo ndizo zinazotaja vikomo vya mwendo kwa nchi nzima. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2004, mwendo wa mijini na kwenye senta za biashara ulikuwa kilomita 50 kwa saa. Nje ya miji, kwenye barabara ya lami, magari madogo ya binafsi yaliruhusiwa kwenda hadi 100, na mabasi pamoja na malori hadi 80. Kanuni za mwaka 2024 zimeongeza mkazo juu ya kilomita 30 kwa saa mahali palipo na watembea kwa miguu wengi, kama vile shuleni na hospitalini.

Dereva anayeingia nchini kutoka Mombasa kupitia Malaba au Busia, au kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula, hatakuta mambo mageni sana. Nchini Kenya na Tanzania pia, kilomita 50 ndiyo desturi ya sheria kwenye maeneo ya makazi, na magari mazito huzuiwa yasizidi 80. Kwa hiyo hakuna sababu ya dereva wa lori kusema kwamba alidhani amevuka mpaka na kuacha sheria nyuma.

Jambo moja tunaomba lishikwe na kila dereva. Kikomo cha jumla kinafanya kazi hata pasipo kibao. Kibao huhitajika hasa pale mamlaka inapotaka mwendo ulio tofauti na ule wa jumla. Anayeingia kwenye mji ambao kibao chake kimeng'olewa na wezi wa vyuma chakavu, jambo ambalo kwa masikitiko hutokea, bado yumo mjini na bado anabanwa na kikomo cha mjini.

Kila barabara ina mwenyewe

Baada ya sheria, swali linalofuata ni hili: barabara husika iko chini ya nani? Barabara kuu za taifa, kama ile ya Kampala kwenda Jinja hadi Malaba au ile ya Kampala kwenda Masaka, ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mamlaka ya barabara iliyojulikana kwa kifupi UNRA, iliyoanza kazi mwaka 2008. Baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2024, majukumu yake yamerudishwa wizarani. Barabara za wilaya ziko chini ya halmashauri za wilaya. Barabara za mjini ziko chini ya manispaa na mabaraza ya miji, na katika jiji la Kampala mwenye dhamana ni Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, yaani KCCA. Njia ndogo za vijijini ziko chini ya serikali za kata ndogo.

Mwenye barabara ndiye anayesimamisha vibao, anayechora vivuko, anayejenga matuta na anayeweka taa. Halmashauri pia zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, lakini sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Kwa maneno mengine, baraza la mji linaweza kuomba na kusimamia mwendo wa chini zaidi mbele ya soko lake, lakini haliwezi kuamua peke yake kwamba magari yapite mjini kwa 90.

Hapa ndipo wananchi wengi hupotea njia. Senta nyingi zimeota kandokando ya barabara za taifa. Duka ni la mwananchi, soko ni la baraza la mji, lakini lami inayopita katikati ni ya wizara. Anayetaka kivuko mbele ya soko hilo akimwandikia mhandisi wa wilaya peke yake, barua yake itakaa tu, maana mhandisi huyo hana mamlaka juu ya barabara hiyo.

Wahandisi hutazama nini

Wahandisi hawachagui namba kwa kubahatisha. Hutazama kwanza kazi ya barabara: je, imejengwa ili kupitisha magari ya safari ndefu, au ni ya kuwafikisha watu majumbani na madukani? Barabara ya mwendo kasi ya Kampala hadi Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina uzio, njia zilizotenganishwa na madaraja ya kupitia juu. Ndiyo maana magari huruhusiwa kwenda hadi 100. Barabara ya kawaida inayopita Namawojjolo au Lukaya, ambako wachuuzi huyakimbilia magari na nyama choma na ndizi mikononi, haiwezi kulinganishwa nayo hata kama lami yake inang'aa.

Pili, hutazama umbo la barabara: ukali wa kona, mwinuko, upana wa ukingo, na umbali ambao dereva anaweza kuona mbele yake. Tatu, husoma kumbukumbu za ajali. Nne, hupima mwendo halisi wa magari pale ambapo hakuna msongamano. Wataalamu wa nchi nyingi, hasa Marekani, wamezoea kutafuta mwendo ambao magari 85 katika kila 100 hayauzidi, na kuufanya kuwa kianzio cha kuweka kikomo.

Kipimo hicho kina faida yake, kwani huonyesha mwendo ambao madereva wengi wanauona kuwa wa kawaida. Lakini kina upungufu mkubwa kwa barabara zetu. Humhesabu aliyeko ndani ya gari tu. Mwanafunzi anayesubiri kuvuka, mama mwenye mzigo kichwani, mwendesha baiskeli na abiria wa boda boda hawamo katika hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo, siku hizi wataalamu huanza na swali jingine: mtu wa kawaida akigongwa hapa, atapona? Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulipendekeza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watembea kwa miguu huchanganyika mara kwa mara.

Kwa nini 30 na si 50?

Madereva wengi huona tofauti ya 20 kuwa ndogo. Tupige hesabu. Tuchukue gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, na dereva aliye macho ambaye huhitaji sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki.

Akiwa kwenye 30, gari hupita mita 8 katika sekunde hiyo moja, kisha huhitaji mita 5 hivi kusimama. Jumla ni mita 13. Akiwa kwenye 50, hupita mita 14 kabla ya kugusa breki, kisha mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28. Akiwa kwenye 80, jumla hufika mita 57.

Sasa mtoto ajitokeze ghafla mita 13 mbele ya gari. Aliyekuwa kwenye 30 husimama akiwa karibu kabisa na mtoto, na mtoto huenda nyumbani. Aliyekuwa kwenye 50 hajaanza hata kufunga breki. Humgonga kwa mwendo ule ule wa 50. Hiyo ndiyo tofauti ya 20 inayodharauliwa. Kwa lori lililopakia, kwa matairi yaliyoisha, au kwa lami iliyolowa, masafa yote haya huongezeka. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo huongezeka kwa takriban asilimia 4.

Na dereva hupoteza nini? Kipande cha mita 500 mbele ya shule huchukua sekunde 36 kwa mwendo wa 50, na dakika moja kwa mwendo wa 30. Anachochelewa ni sekunde 24. Wahenga walisema kawia ufike.

Polisi wanafanya nini

Jukumu letu ni la namna mbili. La kwanza ni kusimamia kikomo kilichowekwa, kwa vifaa vya kupimia mwendo na kwa doria. La pili halionekani sana, nalo ni kuandika ajali. Ofisa wa trafiki anapofika mahali pa ajali huandika mahali, saa, aina ya magari na hali ya waliojeruhiwa. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoonyesha kwamba kona fulani au kivuko fulani kinaua mara kwa mara. Ajali isiyoripotiwa, kwa sababu wahusika wameelewana pembeni, haiingii katika kumbukumbu, na mahali pale huendelea kuhesabiwa kuwa salama.

Tunafahamu pia manung'uniko ya madereva. Mwezi Juni 2025, mfumo wa faini za kielektroniki ulipoanza kuwatoza wanaozidi mwendo, wengi walilalamika kwamba vibao ni vichache na hawajui 30 huanzia wapi na kuishia wapi. Serikali ilisitisha utekelezaji ili mambo yapitiwe upya. Funzo lililopo ni kwamba kikomo huheshimiwa zaidi pale kinapoonekana na sababu yake inapoeleweka. Hata hivyo, kusitishwa kwa faini si kufutwa kwa kikomo, na hakumpi mtu ruhusa ya kupita shuleni kwa 80.

Wananchi wapitie njia gani

Palipo na shule, soko au kituo cha afya ambapo magari hupita kwa kasi ya kutisha, tunashauri hatua zifuatazo.

Kwanza, jambo hilo liletwe katika kikao cha kijiji, chini ya mwenyekiti wa LC1, na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Barua yenye muhtasari wa kikao ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Pili, wahesabuni wanaovuka. Walimu wanaweza kuhesabu wanafunzi wanaovuka asubuhi na jioni kwa siku tano za masomo. Mhandisi husikiliza hesabu.

Tatu, fikeni kituo cha polisi kilicho karibu, mzungumze na ofisa wa trafiki kuhusu ajali zilizoripotiwa mahali hapo.

Nne, ulizeni barabara ni ya nani, kisha mwandikieni mwenyewe: wizara kwa barabara ya taifa, mhandisi wa wilaya kwa barabara ya wilaya, karani wa mji kwa barabara ya mjini. Nakala ipelekwe kwa diwani na kwa polisi.

Tano, msijenge tuta wenyewe. Tunaelewa uchungu wa wazazi waliozika mtoto, lakini tuta la udongo au la magogo lisilo na kibao wala rangi huangusha boda boda usiku, na aliyelijenga anaweza kufikishwa mahakamani.

Kwa madereva, ombi letu ni moja. Uonapo nyumba zinasogea barabarani, meza za wachuuzi, au sare za wanafunzi, punguza mwendo kabla hujatafuta kibao. Na kwa wanaonunua au kuuza vyuma chakavu, kibao cha barabarani ni mali ya umma. Yeyote atakayekiona kwenye mzani wa biashara hiyo aarifu kituo cha polisi kilicho karibu naye.