Msimu wa Bajeti na Akili ya Mtumishi

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge likiwa kwenye bajeti, ofisi nyingi za Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, huchelewa kufungwa. Maofisa wanaandaa randama za bajeti, hotuba za mawaziri na majibu ya maswali ya wabunge. Rasimu hupanda kwa mkuu wa kitengo, mkurugenzi, hadi katibu mkuu, kisha huweza kurudi usiku kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na masahihisho, na inatakiwa asubuhi. Aliyeiandika hakuwapo ilipojadiliwa.

Robert Karasek, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 1979 kwamba wingi wa kazi peke yake haumchoshi mtu akili kama wingi huo unapoambatana na kukosa kauli juu ya kazi yenyewe. Mkurugenzi na ofisa wake wanaweza kukesha usiku uleule, lakini mmoja anapanga na mwingine anapangiwa. Watafiti waliofuata waliongeza jambo la tatu: watu wa kuegemea.

Hapo Dodoma ina mtihani wake. Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia huku, watumishi wengi walitangulia, wenza na watoto wakabaki Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imepunguza muda wa safari. Hata hivyo, katikati ya wiki mtu bado anarudi kwenye chumba kitupu.

Msongo wa muda mfupi hauna neno. Mwili huongeza kasi, kazi ikaisha, ukatulia. Msongo usipokoma, usingizi hupotea, presha hupanda, hasira huwa karibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 lilitaja dalili tatu za mtu aliyechoshwa na kazi kupita kiasi: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi yake, na kuona hafanyi lolote la maana.

Msaada hauko mbali. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko hapahapa mjini. Tatizo ni kwamba jina lake limegeuzwa utani wa ofisini, na asiyelala wiki tatu huona heri aombe ED (ruhusa ya ugonjwa) kwa kusingizia malaria. Ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36, kwa cheti cha daktari, na haikubagua ugonjwa wa akili.

WHO na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2022 kuwa sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Pamoja na tiba, walishauri kurekebisha kazi yenyewe na kuwafundisha wasimamizi. Kwa kitengo cha Mtumba hilo halihitaji fungu jipya: zamu za usiku zipangwe mapema, aliyekesha apumzishwe kesho yake, kuwe na saa ya mwisho ya kutuma masahihisho, na mwandishi wa rasimu aitwe inapojadiliwa. Bonanza la michezo la Jumamosi ni jema, lakini Jumatatu mtumishi atarudi kwenye utaratibu uleule uliomchosha, na huo anayeweza kuubadilisha ni mkuu wake.