Daftari Lililopigwa Mistari Usiku wa Manane

Kompyuta ya chuma ikihitaji prosesa zaidi, fundi huizima na kuifungua kwa bisibisi, na ofisi nzima hujua. Mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, haina cha kufunguliwa. Fundi yuko na chai yake, anabadilisha prosesa 4 kuwa 8, anaiwasha upya, basi. Anayesahaulika ni karani aliyemo ndani.

Kwenye Linux, karani huyo mara nyingi ni sysstat, kazi ya Mfaransa Sebastien Godard. Kwa mpangilio uliozoeleka, kila dakika 10 programu yake iitwayo sadc huamka, husoma vihesabio vya mfumo na kuandika rekodi moja: rekodi 144 kwa siku. Faili la tarehe 14 huitwa sa14, na husomwa kwa amri ya sar. Ni faili la binari, na linapofunguliwa usiku wa manane, mwanzoni mwake huandikwa mashine ina nini na kila rekodi itachukua nafasi gani.

Mwenye duka akipiga mistari asubuhi, safu ya unga, ya sukari, ya mafuta, kisha saa nane mchana wakaletwa dagaa, waandikwe wapi? Matoleo ya zamani ya sysstat yalikwama hapo hapo, prosesa zilipoongezwa katikati ya siku. sadc iligoma kuongeza rekodi, au sar ikalalamika kwamba faili ni batili. Matoleo ya baadaye huandika idadi mpya ya prosesa pamoja na alama ya kuwashwa upya.

Mgomo wa namna hiyo una heri, maana unaonekana. Mimi naogopa zaidi data inayokatika kimya. Kwenye VMware, ukibadilisha kadi ya mtandao ya aina ya e1000 kuwa vmxnet3, jina lake laweza kuhama kutoka ens33 hadi ens192, kwa kuwa jina hufuata mahali kadi ilipochomekwa. Grafu ya ens33 inakauka huku trafiki ikipita kama kawaida. Diski nazo ni hivyo hivyo kwenye mifumo mingine ya mashine pepe: ukibadilisha aina ya diski, sda yaweza kuamka ikiitwa vda.

Asilimia ndizo laghai kuliko zote. Kazi iliyokula 80% ya prosesa 4 itakula 40% ya prosesa 8. Grafu inaporomoka, bosi anapongeza, na kazi ni ile ile. Kengele iliyowekwa ilie mzigo (load average) ukifika 4 nayo itaendelea kulia, ingawa sasa nafasi ipo.

sa14 likigoma, usikimbilie kulifuta, wala chaguo la -F la sadc, ambalo laweza kulifyeka. Libadilishe jina, tuseme sa14.asubuhi, na sadc itafungua jipya. Ya asubuhi utayasoma kwa sar -f, na ya mchana vivyo hivyo. Wastani wa siku nzima itabidi uukokotoe mwenyewe.