Mwale Unaokata: Matumizi ya Mtambo wa Leza katika Biashara na Sanaa

Mtoto akishika lenzi juani na kuielekeza kwenye kipande cha karatasi, baada ya muda mfupi karatasi hufuka moshi na kutoboka. Lenzi haikuongeza joto lolote juu ya lile la jua. Imekusanya tu mwanga ulioenea mahali papana na kuuweka katika nukta moja. Mtambo wa kukatia kwa leza hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mwanga wake si wa jua, na nukta yake ni ndogo na kali kiasi cha kuyeyusha bamba la chuma.

Zamani mitambo ya namna hii ilipatikana katika viwanda vikubwa tu. Siku hizi imeingia pia katika karakana ndogo za mijini, kwa wachonga mihuri, watengenezaji wa kadi za harusi, waandikaji wa vibao na mafundi wa mageti. Kwa hiyo suala la kufaa au kutofaa kwake si la wahandisi peke yao. Fundi au ushirika unaokusudia kuweka fedha zake humo wapaswa kufahamu mambo matatu: jinsi mwale unavyokata, mahali hasa inapotoka faida yake, na vitu ambavyo havipaswi kamwe kuwekwa chini yake.

Asili ya Mwale

Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza kwamba atomu iliyopewa nishati ya ziada yaweza kuchochewa na mwanga unaopita karibu nayo, nayo ikatoa mwanga wa namna ileile, unaokwenda upande uleule na wenye mawimbi yanayolingana hatua kwa hatua. Miaka 43 ilipita kabla ya nadharia hiyo kuzaa chombo. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, alifaulu kupata mwale wa leza kutoka katika fuwele ya yakuti nyekundu.

Mwale huo wa kwanza ulitoka kwa vipindi vifupi mno. Mwaka 1964 Kumar Patel, wa maabara ya Bell nchini Marekani, alitengeneza leza itumiayo gesi ya kaboni dioksidi, ambayo iliweza kutoa mwale mfululizo na wenye nguvu. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1967, Peter Houldcroft, mtafiti wa mambo ya uchomeleaji nchini Uingereza, aliunganisha mwale wa namna hiyo na mkondo wa oksijeni, na bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 likakatwa. Hapo ndipo ukataji wa metali kwa leza ulipoanza.

Jinsi Mwale Unavyokata

Jua la mchana likiwa wazi hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba, yaani wati 0.001 kwa milimita mraba. Sasa uchukuliwe mwale wa leza wenye wati 1,000 zilizobanwa na lenzi katika nukta yenye kipenyo cha milimita 0.2. Eneo la nukta hiyo ni milimita mraba 0.03 hivi, kwa hiyo ukali wa mwale hapo hupita wati 30,000 kwa milimita mraba, sawa na mara milioni 30 ya ukali wa jua. Hakuna metali iwezayo kuondoa joto hilo upesi kuliko linavyoingia. Huyeyuka papo hapo.

Kuyeyusha peke yake, hata hivyo, si kukata. Pamoja na mwale, mdomo wa mtambo hupuliza mkondo wa gesi unaosukuma uji wa metali utoke upande wa chini. Kama gesi hiyo ni oksijeni, chuma chenyewe huungua na kuongeza joto, jambo ambalo mafundi wa gesi wanalijua vyema. Kama ni nitrojeni, chuma hakiungui, na ukingo hubaki mweupe bila gamba. Mbao na karatasi haziyeyuki. Huungua na kugeuka mvuke na moshi, ndiyo maana kingo zake huwa na rangi ya kahawia.

Mwale huongozwa na kompyuta inayofuata mchoro. Njia ya mkato huwa na upana wa milimita 0.1 hadi 0.3 hivi, nyembamba kuliko ile ya msumeno. Zaidi ya hayo, mwale hausukumi wala hauvuti kitu kinachokatwa. Karatasi nyembamba yaweza kutobolewa maua madogo madogo bila kukunjamana, kazi ambayo kisu hakiiwezi.

Mitambo ya Aina Mbili

Leza ya kaboni dioksidi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa maikromita 10.6. Leza ya uzi wa kioo, iliyoenea viwandani baadaye, hutoa mwanga wa maikromita 1.07 hivi. Jicho la binadamu haliuoni wa kwanza wala wa pili. Tofauti ya namba hizo mbili yaweza kuonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo inayoamua mtambo upi utamfaa fundi yupi.

Mbao, ngozi, karatasi, kitambaa, mpira na plastiki ya akriliki hunyonya vizuri mwanga wa kaboni dioksidi. Metali nyingi huurudisha mwanga huo kama kioo cha kujitazamia, hasa shaba, lakini huunyonya vyema zaidi ule wa uzi wa kioo. Basi mtu akinunua leza ya uzi wa kioo kwa nia ya kukata akriliki angavu, ataona mwale ukipenya kama mwanga wa jua upenyavyo dirishani, na akriliki ikabaki nzima. Naye anunuaye leza ndogo ya kaboni dioksidi yenye wati 60 akitarajia kukata mabati ya mageti, atakuwa amepoteza fedha zake. Makosa hayo hayarekebishiki kwa ufundi, kwa kuwa chanzo chake kimo katika maumbile ya mwanga wenyewe.

Kazi Isiyohitaji Chapa

Wengi husifu mtambo huu kwa kasi yake. Lakini kwa kazi zilizo nyingi na za umbo moja, mashine ya kukatia kwa chapa ya chuma huushinda kwa mbali. Faida ya leza iko kwingine: haihitaji chapa. Umbo jipya ni mchoro mpya tu.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba chapa ya kukatia kadi ya harusi hugharimu shilingi 100,000, na kila kadi ikikatwa kwa chapa hiyo hugharimu shilingi 50. Ichukuliwe tena kwamba leza, bila chapa yoyote, hukata kadi moja kwa shilingi 300. Kwa kadi 400 gharama za njia zote mbili ni sawa, yaani shilingi 120,000. Chini ya idadi hiyo leza ni nafuu. Juu yake chapa ni nafuu. Kila karakana yaweza kufanya hesabu hii kwa bei za mahali pake.

Ndiyo sababu biashara zinazofaidika zaidi ni zile ambazo kila mteja huhitaji kitu tofauti na mwenzake: mihuri ya mpira, vibao vya majina ya ofisi, ngao za washindi, kadi za mwaliko, mifano ya majengo kwa wasanifu, na vipuri vichache vya mashine ambavyo haviuzwi tena. Hata viwanda vya maboksi hutumia leza, ila si kwa kukata maboksi. Leza hupasua mianya katika ubao wa plaiwudi, visu vya chuma hupachikwa humo, na ubao huo ndio unaokuwa chapa ya kukatia maelfu ya maboksi.

Viwanda vikubwa huitumia kwa sababu nyingine. Vijirija vya metali vinavyowekwa ndani ya mishipa ya moyo iliyoziba hukatwa kwa leza, kwa kuwa hakuna kisu kiwezacho kuchora wavu mdogo namna ile. Katika viwanda vya nguo, leza huunguza rangi ya juu ya suruali za jinzi ili zionekane kuwa zimechakaa. Zamani sura hiyo ilipatikana kwa kuzirushia mchanga kwa hewa yenye kasi. Vumbi la mchanga huo liliwapa wafanyakazi ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, ambao hauna tiba, na vijana kadhaa walikufa kwa ugonjwa huo nchini Uturuki. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku urushaji wa mchanga katika kazi hiyo.

Sanaa na Mipaka Yake

Katika sanaa, mtambo huu hufaa sana kwa nakshi za matundu: viambaza vya kugawia vyumba, vifuniko vya taa, herini, na maua ya metali ya kupamba mageti. Hufaa pia kwa kupachika mbao za rangi moja ndani ya nyingine, mradi upana wa njia ya mkato uhesabiwe. Mwale ukifuata mstari, hula nusu ya upana wake kila upande. Mwanya uliochorwa kwa milimita 3, ukikatwa kwa mwale wa milimita 0.2, hutoka ukiwa na milimita 3.2, na kipande cha milimita 3 kitalegea ndani yake. Yapasa mwanya huo uchorwe kwa milimita 2.8.

Lakini kuna kazi ambazo mtambo hauziwezi. Nakshi ya mlango wa Unguja au Lamu hutegemea kina: patasi huingia mshazari, hufukua chini ya jani, huacha ukingo mmoja juu na mwingine chini, na kivuli hufuata. Leza hukata kutoka juu kwenda chini, na inapochimba huacha bonde lililoungua. Mlango uliotengenezwa kwa leza huonekana kama picha ya mlango wa nakshi. Mchongaji aweza kuitumia kukatia vielelezo vya kuchorea mbao, na patasi ikaendelea na kazi yake.

Kitambaa nacho kina mipaka. Polista hukatwa na papo hapo ukingo wake huyeyuka na kujifunga usifumuke. Pamba haiyeyuki, ukingo wa khanga au kitenge hubaki na rangi ya kuungua kidogo, na bado huhitaji kupindwa.

Hatari Zilizofichika

Kila kinachokatwa hugeuka moshi kwa sehemu, na moshi huo ni lazima uvutwe na feni na kutolewa nje, mbali na madirisha ya majirani. Kinachopaswa kuogopwa kuliko vyote ni plastiki ya PVC, ambayo hutumika katika mabomba ya maji na katika ngozi bandia nyingi. Ikiunguzwa hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi. Asidi hiyo huchoma mapafu ya fundi, na pia hula reli na lenzi za mtambo.

Kuna njia rahisi ya kuitambua. Waya wa shaba hushikwa kwa koleo, huwashwa motoni mpaka uwe mwekundu, hugusishwa kwenye plastiki inayotiliwa shaka, kisha hurudishwa motoni. Ndimi za moto zikigeuka kijani, yaelekea klorini imo, na plastiki hiyo isiwekwe mtamboni. Jaribio hili lifanywe nje, kwenye upepo. Tahadhari hutakiwa pia kwa ngozi iliyodabaghiwa kwa kromiamu, na kwa mabati yenye zinki, ambayo moshi wake huleta homa.

Macho nayo yalindwe. Mwale wa kaboni dioksidi huunguza sehemu ya mbele ya jicho. Ule wa uzi wa kioo hupenya lenzi ya jicho na kuunguza retina, mara nyingine bila maumivu, na kilichoungua hakirudi. Mtambo usifanye kazi ukiwa wazi, na miwani iwe ile iliyotengenezwa kwa urefu wa wimbi wa mtambo unaohusika. Hatari ya mwisho ni moto: mbao zinapokatwa, mtu asiondoke, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Kabla ya Kununua

Mnunuzi na aanze kwa kuorodhesha vitu atakavyokata na unene wake. Orodha hiyo ndiyo itakayochagua aina ya leza na wati zake. Kisha ahesabu gharama ambazo muuzaji huzitaja kwa haraka: mrija wa kioo wa leza ya kaboni dioksidi hupungua nguvu kwa matumizi na hubadilishwa, lenzi huchakaa, gesi hununuliwa, na maji ya kupozea yakisimama mwale ukiwa unawaka, mrija waweza kupasuka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi bamba zima huharibika.

Jaribio lenye manufaa kuliko yote ni rahisi. Kabla ya kulipa, mnunuzi achukue mbao zake mwenyewe, ngozi yake na mchoro wake, aende katika karakana yenye mtambo wa aina anayoitaka, na alipie kukatiwa vipande kumi. Ahesabu dakika zilizotumika, apime vipande kwa rula, na awaonyeshe wateja wake. Kama wateja watakubali kulipa bei inayozidi gharama, basi mtambo waweza kujilipia. Kama hawatakubali, atakuwa amejua hivyo kwa gharama ya vipande kumi tu.